Langar ya Kwenye Boksi

Kaka yangu alikuja Kilosa na bajeti ya harusi ya mdogo wetu wa kike ikiwa imeshapangwa yote. Hakuja kutuuliza, alikuja kutusomea. Aliweka kompyuta juu ya meza, akasukuma pembeni ungo wa mchele ambao mama alikuwa anauchagua, akaanza: ukumbi, mapambo, muziki, mpiga picha wa droni, mabasi ya wageni kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimetoka gereji, mikono bado ina grisi, nikasimama mlangoni kusikiliza majirani zetu watatajwa wapi. Hawakutajwa.

Niseme mapema kwamba hasira zangu ziko karibu. Baba aliniachia gereji na mdomo wake, vyote viwili, na mteja akinitajia bei ya kijinga mtaa mzima unajua. Siku ile nilijizuia kwa ajili ya mama tu.

Sisi ni Singasinga wa Kilosa. Babu alikuja kufanya kazi ya reli, baba akazaliwa hapa, na sisi watatu tukazaliwa hapa hapa. Familia nyingine za kwetu zilihama moja moja, wa Morogoro wakaenda Morogoro, wa ng'ambo wakaenda ng'ambo, tukabaki sisi. Kipunjabi changu ni cha kusalia na kugombana na mama, mengine yote nayasema kwa Kiswahili. Kaka naye alikwenda Dar kuuza matairi, Mungu akamfungulia, na tangu hapo akaanza kutuita "nyie watu wa Kilosa", utadhani yeye kitovu chake kimezikwa Masaki.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini nilikuwa nawatafuta majirani kwenye ile kompyuta, lazima nieleze kifo cha baba. Sisi maiti hatuziki, tunachoma. Mtaa wetu wengi ni Waislamu, Wakristo wapo kidogo, na kumchoma mtu kwao ni jambo la kutisha, wala nisingemlaumu yeyote kama angefunga mlango wake siku ile. Baba alifariki katikati ya masika. Kuni zote mjini zilikuwa zimelowa chapachapa. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama anayeuza vitumbua, ambaye yeye na mama yangu wanaitana shoga tangu sisi hatujaota meno, alitoa kuni zake kavu zote za biashara. Hakubakisha hata za kuchemshia chai. Halafu akajifunga kanga kiunoni akapita nyumba kwa nyumba kuomba nyingine, na wanaume wa mtaa wakazibeba mabegani mpaka kando ya mto. Wanawake wakatandika mikeka uani kwetu wakalala na mama mpaka alipoweza kutia kitu mdomoni. Kaka ndiye aliyewasha moto, kama mtoto wa kiume pekee. Kuni ni za nani, hakuuliza.

Kwa hiyo mama katika harusi nzima alikuwa na haja moja tu. Alitaka wanawake wale wakae chini kwenye langar yake, yeye awapakulie kwa mkono wake. Langar ni chakula kinachofuata ibada yetu. Watu wote wanakaa chini mstari mmoja, tajiri na maskini, mwenyeji na mpita njia, wanakula kitu kimoja: chapati, dengu, mboga, wali wa maziwa. Nyama haimo, hivyo hakuna wa dini yoyote wa kujiuliza mara mbili. Hakiuzwi na hakuna anayerudishwa. Mwenye shughuli ndiye anayepita na ndoo kupakulia. Mimi nimekua nikimwona baba, fundi mkubwa, anainama mbele ya vibarua wake akiwauliza kama chapati zimetosha.

Kaka alitaka kila kitu kifanyike Mikumi, kwenye hoteli moja karibu na mbuga, wageni wapige picha na tembo nyuma. Aliyemkwamisha ni mzee wetu wa kusoma Kitabu, anayetoka Morogoro. Mzee alisema Kitabu hakipelekwi mahali panapouzwa pombe, kama mnataka ndoa ya kwetu basi ifungwe nyumbani. Loo, nilifurahi! Nilimchemshia mzee yule chai mwenyewe, na iliki nikaongeza. Ikabidi kaka akubali: asubuhi ibada na langar uani kwetu Kilosa, jioni sherehe Mikumi. Alinuna, akafungua tena kompyuta yake, akasema haya, basi Kilosa tubane ili Mikumi ipendeze.

Neno hilo "tubane" lingenishtua kama mtu mwingine angelisema. Kwa kaka nilishazoea.

Wiki iliyofuata akanichukua twende Mikumi kuona hoteli, nadhani alitaka macho yangu yakubali kabla ya mdomo. Meneja alitupokea vizuri, akatutembeza, akatuonyesha pale watakapokaa maharusi na dimbwi ambalo wanyama hushuka kunywa maji. Halafu akaanza kueleza hesabu zake. Pale wanahesabu kwa kichwa. Kila mgeni anavishwa utepe mkononi, asiye na utepe hapati sahani, mtoto ni nusu ya mkubwa. Kaka anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, sawa kabisa. Nikauliza kama majirani zetu wamo kwenye vichwa hivyo. Meneja akamtazama kaka. Kaka akatazama dimbwi.

Njiani kurudi nikamuuliza tena. Akasema ameweka nafasi za wawakilishi wawili wa mtaa, inatosha.

"Ukileta Kilosa nzima hapa nani atalipa? Wewe na spana zako?"

"Na kuni za baba alilipa nani?" nikamwambia.

Aliongeza sauti ya redio, na mimi nikageuza uso dirishani kwa sababu mikono ilikuwa inaniwasha na yeye ndiye aliyeshika usukani. Tulipokaribia nyumbani akapunguza redio akasema nisimtie mama presha, watu wa Kilosa wote watakula, hata aje nani, ameshalipanga. Nikamwamini. Ni kaka yangu, na ana ndevu za baba.

Mama aliposikia wote watakula alipona hata magoti. Akaagiza mchele wa Tindiga, wenye harufu, akaenda kupanga na wafugaji wa huko Tindiga watuletee maziwa ya wali. Wanawake wa mtaa nao wakachanga wakanunua vitenge vya sare, rangi ya chungwa, kwa sababu waliona kilemba cha bwana harusi kwenye picha. Wakaja kuuliza waje lini na visu vyao kumenya. Hapo kaka akapiga simu kutoka Dar: asipike mtu, mpishi wake anakuja na vijana wake, mambo ya usafi. Mama aliumia, kwetu na kwa mtaa wetu pia shughuli isiyopikwa na watu ni kama mmeficha kitu. Akawaambia mashoga zake basi mara hii mtakuja kama mabibi, mkae tu mhudumiwe. Wakacheka, wakakubali.

Siku ya harusi mimi na mama tulikuwa ndani ya turubai tangu mapema. Ndoa yetu ina utaratibu wake: maharusi wanazunguka Kitabu mara nne, waimbaji wanaimba, na ndugu wa bibi harusi wanasimama kumzunguka, wanampokezana taratibu. Huwezi kutoka toka. Mdogo wangu alikuwa mzuri mno. Nililia, kaka naye alilia, na kwa dakika zile nilimsamehe matairi yake yote.

Ibada ilipokwisha watu wakakaa chini kula. Mama akanyakua ndoo ya dengu na upawa, na bangili zote zile za dhahabu mikononi, akaanza kupita kwenye mistari. Akapita wa kwanza, wa pili. Nikamwona anapunguza mwendo. Wote waliokaa walikuwa wa mabasini. Hakukuwa na kitenge cha chungwa hata kimoja.

Akanijia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Watu wangu wako wapi?"

Tulitoka hadi getini. Pale palikuwa na meza, na nyuma yake vijana wa mpishi wamevaa glavu, na juu ya meza maboksi meupe ya plastiki, yale ya kufungia chipsi. Ndiyo langar ya watu wa Kilosa hiyo! Wanawake walikuja na sare zao, vichwa wamefunika vizuri kama mama alivyowafundisha, viatu wengine wameshavua, wakaambiwa ndani pamejaa, pokea boksi ukale kwako kwa raha. Kaka alikuwa amepiga hesabu zake: mikeka haikodiwi, sahani hazioshwi, mabasi yanawahi kuondoka kwenda Mikumi. Kilichookolewa kilikwenda kwenye taa za hotelini. Nilikuja kumuuliza baadaye na alinieleza bila aibu, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba hakuna jirani hata mmoja aliyekosa.

Wengi walikuwa wameshaondoka. Shoga yake mama alikuwa bado amesimama kando ya mtaro, boksi mkononi, halijafunguliwa. Mama alimkimbilia na ile ndoo, dengu inamwagika kwenye nguo yake ya harusi, akamshika mkono, akamwambia twende ndani, twende ukae.

Yule mama hakuvuta mkono wake. Alisema kwa upole kabisa, "Tumepokea, mama. Mungu akubariki. Rudi ndani, wageni wako wanakusubiri."

Hakusema shoga. Mimi nilisikia na mama alisikia. Nikageuka nikaipindua meza ile, maboksi na glavu na vijana, na kama kaka angekuwa karibu ningempindua na yeye. Mama akaniambia niokote, ni chakula, usikitupe chini. Nikaokota moja moja.

Mikumi tulikwenda, kwa sababu bibi harusi alikuwa analia na hana kosa. Taa zilikuwa nzuri, sikatai. Wageni wengi wa Dar walichoka na safari wakaenda kulala mapema, vichwa vilivyolipiwa vikabaki bila midomo, na mabakuli yakarudishwa jikoni yamejaa. Asubuhi nilitoka nje nikakuta nyani wamefungua mapipa, wanakula harusi ya mdogo wangu bila utepe wowote mkononi. Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akaniuliza kama niko salama.

Tuliporudi mama alipika. Alipika dengu na chapati, akabeba mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kila nyumba walimpokea vizuri, wakamwambia mbona hakuna neno, yamepita hayo. Watoto wakamwamkia shikamoo kama kawaida. Mimi nikaanza kudhani yamepita kweli. Pale ukutani tu ndipo palipobadilika: zamani vitumbua vya kwanza vilipitishwa juu ya ukuta vikiwa vya moto, bila kuombwa. Sasa mama akitaka anatuma mtu akanunue.

Halafu mkwe wa yule jirani akafiwa na mama yake, na msiba ukawekwa hapo hapo upande wa pili wa ukuta. Mama aliamka, akajifunga kanga mbili kama wenzake, akabeba unga na mafuta, akaniambia nisimsubiri, atashinda huko. Alirudi kabla jua halijawa kali. Aliingia jikoni akakaa, kanga bado kichwani.

Nikamuuliza kulikoni, unaumwa?

Akasema alifika, akavua ndala, akawa anainama akae jamvini na wenzake, katikati ya wanawake aliozoea kukaa nao tangu ujana wake. Wakamzuia. Wakamtuma binti ndani, na chakula chake wakamletea peke yake, kimefunikwa, na kijiko.

"Wamenipa kiti," mama akasema. "Wote wako chini, mimi wamenipa kiti."

Nikampigia kaka simu hapo hapo. Nilimweleza yote, polepole, neno kwa neno, maana nilitaka mara hii imwingie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa wewe unagomba nini? Si wamemheshimu?"