Mizani ya Karani wa Silibwet

Niliandika programu ya kompyuta kwa lugha ya C katika kituo cha kununua majani ya chai, Silibwet. Ilichukua nambari ya kila kifaa kilichounganishwa na kompyuta na kuitafuta katika orodha ya vifaa iliyo ndani yake. Mizani ya umeme ya karani mzee wa kituo haikupatikana humo.

"Mzee, kompyuta haiijui hii mizani," nilimwambia. "Imeharibika."

"Jana ilipima vizuri," akasema, akiipangusa kwa kofia yake. Jioni ilitupwa pamoja na vyuma chakavu.

Wiki iliyofuata niligundua kosa langu. Nambari hizo huchanganya tarakimu na herufi; orodha ile hutaka herufi kubwa, nami niliandika ndogo. Mizani ilikuwemo.

Karani sijawahi kumwambia. Tukikutana hunisalimia kwa mikono miwili, nami huharakisha kumuuliza habari za ng'ombe wake.