Fundi Anayesubiri Uzito wa Kaka Yake

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, mwanamke mmoja yuko ndani ya shimo la gereji, kichwa kikiwa chini ya tumbo la gari la michezo la milango miwili. Gari ni la zamani na rangi yake nyekundu imepauka. Spana namba kumi na saba iko mkononi mwake, lakini hakazi kitu.

"Bado," anasema kabla hajaulizwa. "Mwenyewe hajaja."

Gereji nzima humwita Shangazi. Ana miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza chini ya magari ya watu. Injini hagusi, umeme hagusi. Kazi yake ni miguu ya gari: shokapu, springi, bushi, na kile chuma kirefu ambacho mafundi hukiita stabilaiza, kinachoshikanisha tairi la kushoto na la kulia ili gari lisilale likikata kona.

Bushi, kwa asiyejua, ni vipande vya mpira mnene vinavyokaa kwenye maungio ya vyuma. "Ndiyo magoti ya gari," anaeleza. "Yakichoka, dereva anadhani usukani umeharibika, kumbe masikini usukani hauna kosa."

Siku njema huhudumia magari mawili. Zipo wiki ambazo halimfikii hata moja, naye hushinda akisafisha spana ambazo tayari ni safi. Magoti yake mwenyewe, anasema, yanadai bushi mpya.

Ana sharti moja linalowaudhi wateja. Hakazi bushi za mpira mpaka gari liwe limesimama kwa tairi zake na mwenye gari amekaa kwenye kiti chake. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira hushikwa vibaya. Gari likishushwa unajinyonga, na baada ya miezi michache unachanika. Mafundi wengine huweka mfuko wa saruji kwenye kiti na kuendelea na maisha yao. Shangazi hataki saruji.

"Huyu mama, mteja akiwa mwembamba anamrudisha nyumbani akale kwanza," anatania fundi rangi wa banda la pili, aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne.

Shangazi kwa kawaida hujibu utani kwa utani. Leo anageuza tu spana mkononi, na fundi rangi anarudi kwenye mlango anaoupiga msasa.

Gari lililo juu yake ni la kaka yake mkubwa, mwenye miaka sitini na sita. Halijatembea kwa miaka kumi na mmoja. Wiki tatu zilizopita, kaka huyo alilileta likiwa limekokotwa na lori, akampa dada yake funguo na kusema maneno machache: amepata mnunuzi, atakuja Jumatatu, naye hataki kumuuzia mtu gari lenye miguu mibovu.

"Nikamuuliza, Kaka, mbona unaliuza? Gari hili si ndiyo roho yako?" Shangazi anakumbuka. "Akaniambia, mimi si dereva tena, mdogo wangu. Gari liende kwa anayeliweza. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia."

Kisa cha kulia anakijua yeye peke yake. Alimsimulia mwandishi siku ya Alhamisi, akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kwa masharti kwamba kisiandikwe mpaka kwanza akiseme panapohusika.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, kaka alitaka gari lake lishike barabara kama linavyostahili. Yeye na dada yake waliagiza stabilaiza mbili nene, ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma ikafika kwanza. Ya mbele ikachelewa.

Fundi yeyote wa miguu anajua kwamba hivyo vyuma havifungwi kimoja kimoja. Ukiifanya nyuma kuwa ngumu na mbele ukaiacha laini, kwenye kona nyuma ndiyo huachia kwanza. Gari linazunguka kama mlango uliosukumwa.

"Nilijua. Nimewafundisha watu jambo hilo hilo," anasema Shangazi. "Lakini kaka alikuwa na hamu, na mimi nilitaka anisifu. Akaniuliza, na ya mbele je? Nikamwambia itafuata, nenda tu. Nililijaribu kwenye barabara iliyonyooka, kavu. Kona sikuijaribu hata moja."

Siku nne baadaye ilinyesha. Kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, nyuma ya gari iliachia, gari likazunguka mara mbili na kugonga ukingo wa zege. Kaka alivunjika nyonga. Mkewe, aliyekuwa pembeni yake, alivunjika mkono mahali pawili na akakaa na bandeji miezi minne.

Kilichomtafuna Shangazi tangu siku hiyo ni jibu alilolitoa hospitalini. Kaka yake alimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama ile kazi yake ingeweza kuwa na mkono katika ajali.

"Nikamtazama usoni nikamwambia, hapana, Kaka. Uliingia kona kwa kasi."

Basi ukoo mzima ukalichukua neno hilo. Wifi yake Shangazi hakupanda tena gari lililoendeshwa na mumewe. Kwenye shughuli za familia alimtambulisha kwa wageni kuwa ni dereva wake wa mashindano, watu wakacheka, naye mzee akacheka nao. Binti yao alimkataza baba yake kuwabeba wajukuu. Baada ya mwaka mmoja mzee aliacha kuendesha hata gari lao lingine, akawa mtu wa kuomba kupelekwa.

Stabilaiza ya mbele ilifika wiki tatu baada ya ajali. Shangazi aliifunga kwenye gunia na kuisukuma chini ya kabati la spana. Kila alipoinama kutafuta kitu aliiona.

"Wifi alifariki miaka mitatu iliyopita," anasema, akipangusa mikono kwa kitambaa kisichopangusa chochote. "Hapo ndipo nilipojua nimechelewa. Ningemwambia yeye, labda wangecheka pamoja miaka ile iliyobaki. Nimewaibia hiyo miaka. Hakuna spana inayorudisha hiyo."

Sasa kazi inakaribia kwisha. Injini na breki zilishatengenezwa na mafundi wa mabanda mengine. Chuma cha kwenye gunia kimepanguswa kutu na kufungwa mbele, sambamba na mwenzake wa nyuma, kwa bushi mpya za plastiki ngumu zilizopakwa grisi. Mikono ya chini ya gari, vile vyuma vinavyoshika tairi, imepata bushi mpya za mpira. Zimebaki bolti nane za kukaza. Zinasubiri uzito wa mtu.

Saa tatu kasoro robo mtu huyo anaingia, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi. Anazunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Mdogo wangu, umenitoa nyumbani nije kukaa tu? Si ungeweka mawe?"

"Mawe hayana mgongo wako, Kaka. Kaa."

Anajishusha kwenye kiti cha dereva taratibu, nyonga ikimtesa. Mkono wake wa kulia unagusa usukani, kisha unarudi pajani. Shangazi anateremka shimoni. Kutoka chini anaona gari likishuka kidogo, upana wa kidole.

Alikwishaamua kwamba leo ni leo. Jongoo huyu atakatwa kwa meno.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia. Kuna nini huko?"

"Kuna ile stabilaiza ya mbele. Ile tuliyoagiza. Nimekuwa nayo kabatini miaka yote hii." Anaweka spana kwenye bolti ya kwanza. "Hukuingia kwa kasi, Kaka. Ni mimi. Nilikufungia ya nyuma peke yake, nikijua. Nikakuambia uende. Halafu nikakudanganya hospitalini."

Fundi rangi ameacha msasa wake. Shangazi anakodolea macho springi ya kulia, upande wa dereva, kwa sababu anajua kaka akitoka kwenye kiti, gari litapanda upana ule ule wa kidole.

"Nilikuuliza mara ngapi?" sauti inatoka juu hatimaye.

"Mara mbili. Hospitalini, na siku ya msiba wa wifi."

"Na mara zote mbili."

"Mara zote mbili, Kaka."

"Mke wangu amekwenda akijua ni mimi niliyemvunja mkono."

"Najua."

"Hujui," anasema mzee, bila kupandisha sauti. "Alikuwa akipanda teksi mvua inyeshe jua liwake, na mimi nimekaa pembeni yake. Hujui."

Shangazi amejiegemeza kwenye ukuta wa shimo, machozi yakishuka kwenye grisi ya mashavuni, naye hayafuti. Alijiandaa kwa matusi. Alijiandaa pia kwa mlango kufunguliwa na fimbo kuondoka ikigonga sakafu. Kwa sauti hii ya chini hakujiandaa.

Springi haijapanda.

"Zimebaki bolti ngapi?" anauliza mzee.

"Nane."

"Kaza, basi. Si ulisema unataka uzito?"

Anakaza. Anaanza mbele kushoto, anamalizia nyuma kulia, na kila bolti anairudia mara ya pili kama afanyavyo siku zote, ila leo spana inamponyoka mara moja na kuanguka shimoni. Hakuna anayetania.

Anapopanda juu, kaka yake bado anatazama mbele, kwenye ukuta wenye kalenda ya zamani.

"Mnunuzi nitampigia mwenyewe, asije," anasema. "Kesho nakwenda kwa binti yangu. Naendesha mimi. Wewe utakaa hapa pembeni, alipokuwa akikaa mama yake. Tukifika, utashuka wewe kwanza. Utamwambia yote, mbele ya watoto wake."

"Nitamwambia."

"Sijasema nimekusamehe."

"Sijaomba, Kaka. Sina uso wa kuomba."

Mzee anatikisa kichwa polepole. Haieleweki kama ni kukubali au ni uchovu.

Baadaye, akinawa mikono kwa sabuni ya unga kwenye karai, Shangazi anaulizwa anatarajia nini kutoka kwenye safari ya kesho.

"Njia ya kwa binti inapita kwenye ule mzunguko," anasema. "Nataka afike pale, akate kona, na gari limtii. Basi. Ajue mikono yake haikuwa na kosa. Yangu ndiyo iliyokosa."

Anageuka kutazama gari. Hakuna aliyemwambia kaka yake kuwa kazi imekwisha na anaweza kushuka. Amekaa pale pale, injini imezimwa, mikono yote miwili juu ya usukani.