Rejeta Mpya ya Bibi

Harufu ya rangi iliyopata moto hunirudisha kwenye fleti yetu ya Bladensburg, wakati wa baridi ya kwanza ya bibi Marekani. Mama alikuwa kazini. Mafundi waling'oa rejeta kuukuu iliyokuwa ikipasha sebule joto, wakafunga mpya pamoja na koki zake, wakaenda zao. Joto likaenea taratibu, bila sauti yoyote.

Bibi aliigusa kwa kiganja, akategea sikio.

"Ile nyingine ilikuwa ikigonga mchana kutwa," aliniambia. "Nyote mkishatoka, ikibisha, mimi naiitikia karibu."

Nilimwelewa kila neno. Nikamjibu kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, kwamba hii ni nzuri zaidi. Akatabasamu kama mtu aliyeelewa, akarudi kukaa.