Mwalimu wa Udereva Asiye na Gari

Alifundisha watu kuendesha magari, na yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa baiskeli. Jambo hilo lilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Mwenye chuo alizoea kuwaambia wageni kwamba ameajiri kinyozi mwenye nywele timtim. Mwalimu alicheka pamoja nao, akaegemeza baiskeli yake ukutani, kisha akaingia kwenye gari dogo la mafunzo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake.

Zamani alikuwa na gari. Alilinunua mara tu alipoanza kazi, akalitunza kama mboni ya jicho. Kisha binti yake akaanza kubanwa na kifua. Walikaa ghorofa ya kwanza, juu ya makutano ya barabara, na kila mama mtu alipofuta kioo cha dirisha kitambaa kilirudi cheusi. Daktari akashauri wahamie penye hewa safi. Mumewe, aliyefanya kazi ya kupiga chapa, akauliza wahamie wapi, maana kuhama nyumba si kuhamisha kiti. Walizungumza hadi maneno yakawaishia, mwisho mwanamke akashika lile lililokuwa ndani ya uwezo wake: akauza gari.

"Kama siwezi kuikimbia barabara," alimwambia mumewe, "basi angalau moshi wangu usiwemo."

Kifua cha mtoto hakikupona kwa hilo, wala hakujidanganya kwamba kingepona. Ila moyo wake ulitulia.

Miaka ikapita, binti akaingia sekondari, ndipo akaja Bwana Mabati. Aliitwa hivyo kwa sababu ya biashara yake ya kuuza mabati ya kuezekea. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nene, aliyenunua gari kabla ya kujua kuliendesha. Na gari lenyewe lilikuwa dude, refu na jeusi, boneti ikimfika mwalimu kifuani, na lilikunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Mwalimu alimshauri aanze na gari dogo la chuo. Akakataa. Mwenye bwawa nyumbani, alisema, hajifunzi kuogelea kwenye beseni.

Basi wakajifunza na lile dude. Wiki ya pili, akilirudisha nyuma katika uwanja wa chuo, alikanyaga mafuta badala ya breki. Mwalimu naye akakanyaga kwa mazoea, mguu ukagonga zulia tupu. Nyuma yao kikasikika chuma kinakunjika. Waliposhuka, baiskeli ilikuwa imelala chini ya bampa, rimu zimepinda, fremu imekatika.

Bwana Mabati alishika kichwa. Alisema alipoangalia nyuma hakuona kitu isipokuwa mbingu. Akaomba radhi, akaomba tena, kisha akaahidi kumnunulia mwalimu gari dogo zuri. Mwalimu akasema anataka baiskeli, basi. Kwa kuwa fundi wa baiskeli alihitaji muda kutafuta ya kimo chake, Bwana Mabati akajitolea kumpeleka nyumbani kila jioni, iwe ndiyo sehemu ya mafunzo. Mkono wa mwalimu haukuondoka kwenye breki ya mkono.

Jioni ya kwanza wakakwama kwenye foleni. Magari yalikuwa yamebanana, mengi makubwa kama lao, kila moja na mtu mmoja ndani, injini zinanguruma bila kwenda popote. Wenye baiskeli waliwapita. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliwapita, akasimama kununua gazeti, akalifungua, na bado hawakumfikia. Bwana Mabati akamuuliza mwalimu kwa baiskeli huchukua muda gani kufika nyumbani. Alipojibiwa, akatazama saa yake, na taa zikabadilika mara mbili kabla hawajasogea.

Walipofika, aliegesha chini ya nyumba, akaiacha injini ikiwaka ili asikose ubaridi, huku akieleza habari za bei ya mafuta. Mume wa mwalimu akashuka, akamsalimu kwa adabu, akamshukuru kwa kumleta mkewe.

"Ila samahani, ndugu yangu, tunaomba uzime gari. Dirisha hilo la juu ni la chumba cha binti yetu."

Bwana Mabati akainua macho. Msichana alikuwa ameshika kipulizio cha dawa mdomoni, na kwa mkono wa pili anavuta dirisha lifungwe. Akazima gari. Siku zilizofuata alimshusha mwalimu kwenye kona ya mbali, akashuka naye, akamsindikiza kwa miguu.

Leseni aliipata kwenye jaribio la pili. Gari hakuliuza, alilitumia kwendea miji ya mbali kukagua mizigo. Lakini dukani kwake, ambako kumbe ni mwendo mfupi tu, alianza kwenda kwa miguu. Wafanyabiashara wenzake walidhani amefilisika, wengine wakampa pole. Aliwajibu kwamba gari lipo, limepumzishwa tu.

Kisha mkewe, mama mwenye wajukuu, akaja chuoni kuuliza kama wanafundisha na baiskeli. Utotoni, alisema, kaka zake walipanda, yeye akaambiwa kashike ufagio. Mwenye chuo alinung'unika, lakini siku za mapumziko uwanja ulikaa bure, akakubali. Mwalimu akatoa baiskeli yake mpya, akashika kiti kwa nyuma, akakimbia naye.

Mama yule aliyumba, akaanguka, akajipangusa vumbi, akapanda tena. Bwana Mabati alisimama katikati ya uwanja, amekumbatia mkoba wa mkewe, akimwelekeza aangalie mbele.

"Mbele ndiko ulikosimama wewe," mkewe akamwambia. "Nipishe."

Akampisha.