Siku Mamangu Alipotoa Radhi Mwambani

Nisije nikaambiwa nimeficha, nitaanza na hili: babangu alimpeleka mamangu baharini ili apate njia ya kumwacha. Si kumwacha kwa talaka, toba! Kumwacha hapa Likoni, na mimi, na kuku, na shamba la mihogo, yeye aende zake Shelisheli miaka mitatu.

Uhuru ulikuwa karibu, na Wazungu wengi wa upande wetu walikuwa wanafungasha. Ukipita majumbani mwao uliona makabati yametolewa barazani, vitanda vya chuma vimesimamishwa ukutani, mbwa anatafutiwa mtu wa kumchukua. Mzungu wa babangu, daktari wa meno aliyestaafu, alikuwa tayari kuacha kila kitu isipokuwa boti yake. Boti ya matanga, nyeupe, ndefu, mbao zake zimesuguliwa na babangu kwa miaka minane mpaka ukiinama unajiona uso. Babangu ndiye aliyekuwa nahodha wake. Kila mwisho wa juma aliwachukua Mzungu na wageni wake mpaka mwambani, wakavaa miwani ya kuzamia, wakatia mrija kinywani wa kuvutia pumzi, wakaelea kifudifudi kutwa nzima wakitazama samaki. Jioni wakarudi migongo myekundu, wana furaha kama watoto siku ya Idi.

Sasa Mzungu anahamia Shelisheli na boti yake, na amemwambia babangu: twende wote, boti hii haina mtu mwingine. Jibu alilitaka kabla ya Ijumaa. Na babangu, wallahi, alitaka kwenda. Alitaka mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Wenzake barazani walimcheka. "Mume mzima unamwogopa mkeo? Mwambie unasafiri, basi." Babangu akawajibu kwamba ruhusa haihitaji, anachokitaka ni radhi. Kwetu sisi hayo ni mambo mawili mbalimbali. Yeye alikuwa mtu wa kuamini kuwa ukisafiri na nyumbani umemwacha mtu amefunga moyo, safari yote itakwendea kombo.

Mamangu alikuwa ameshasema "nenda," tena mara mbili. Lakini alisema huku ameinamia sinia anachagua mchele, uso hakuuinua, na ile "nenda" yake mimi nalikuwa naijua sana. Ndiyo aliyonipa nilipotaka kwenda harusini Changamwe kabla sijamaliza kufua. Nikaenda. Niliporudi, siku mbili nzima mamangu akazungumza na paka ili mimi nisikie.

Basi babangu akapiga akili. "Akikiona ninachokiona mimi," aliniambia, "ataelewa. Na akielewa, radhi itatoka yenyewe." Akaenda kumwomba Mzungu boti kwa siku moja, Alhamisi, siku ya mwisho kabla ya jibu. Mzungu akakubali, tena akakubali kubaki pwani, maana mamangu asingepanda chombo kimoja na mwanamume wa kando. Baharia wa boti naye akaachwa kwa sababu hiyohiyo. Nani basi atavuta kamba? Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina mchumba, nina ulimi, na kamba pekee niliyowahi kuishika ni ya kuanikia nguo.

Mamangu alikataa siku tatu. Watu wake ni wakulima wa Mtongwe, na kwake yeye bahari ilikuwa mahali panapotoka samaki, basi, hana haja napo zaidi. Siku ya nne akasema, "Haya, nitakwenda. Nikamwone huyo mke mwenzangu."

Asubuhi ya Alhamisi akaja ufukweni na kikapu cha mahamri, sufuria ya mbaazi za nazi iliyofungwa kwa kitambaa, tasi wa kukaanga, achari, chupa ya chai, mkeka, leso sita, na seredani na makaa yake.

"Seredani ya nini?" babangu akauliza.

"Ya kupashia mbaazi."

"Bibiye, makaa hayawashwi juu ya boti."

"Ala! Utajiri gani huo, chombo chote hicho hakina hata pa kupashia mbaazi?"

Babangu aliichukua seredani akampelekea Mzungu aliyekuwa amekaa juu ya sanduku chini ya kofia yake, na Mzungu akaiweka miguuni akaitunza kama amana.

Nyumbani babangu alikuwa mtu mpole, mtu wa "mwanangu" na "tafadhali." Lo, kumbe juu ya maji ni mtu mwingine kabisa! "Vuta! Legeza! Nimesema kulia, huo mkono gani?" Nikamwambia akiendelea kunipigia kelele nitaiachia kamba niende zangu. "Uende wapi?" akaniuliza, na kweli, pa kwenda hapakuwa. Mamangu, aliyekuwa ameukumbatia mlingoti kwa mikono miwili tangu tung'oe nanga, akacheka ndani ya buibui lake. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki ile, na mimi nikawasamehe wote wawili.

Tulitoka mlango wa bandari, tukapinda kulia, tukafuata pwani mpaka mahali babangu alipopajua, ndani ya mwamba, maji yametulia na mchanga unaonekana chini. Akatia nanga. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Mamangu akavua buibui, akalikunja vizuri, akajifunga leso juu ya gauni, kisha akaunyanyua mrija kwa vidole viwili.

"Huu umeingia kinywani mwa nani?"

"Mwa wageni."

"Wanaokula nguruwe."

"Nimeuosha kisheria, mara saba, moja kwa udongo. Udongo wa nyuma ya jiko lako."

"Mimi nimeona?"

Babangu akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha gazeti, akakifungua. Udongo mwingine, wa akiba. Akauosha mrija tena mbele ya macho yake, mara saba, akihesabu kwa sauti, na mamangu akakosa kisingizio. Ndivyo alivyokuwa akimjua mkewe.

Alishuka ngazi ya tezi, huko nyuma ya boti, kinyumenyume, kila kidato anamswalia Mtume. Gauni likajaa hewa likainuka kumzunguka, naye akawa analipiga makofi lishuke na huku analia kwamba anaaibika. "Nani akuone hapa?" babangu akasema. "Kaa?" Alikuwa ameshaingia majini, amemshika mkono. Mamangu akatia uso, akautoa. Akatia tena, akautoa, akapaliwa, akamlaumu babangu. Mara ya tatu akatulia.

Akatulia muda mrefu, mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Halafu nikasikia sauti ndani ya mrija, mm-mm-mm, mm-mm. Mamangu alikuwa anazungumza! Hakujua kuwa mtu akiwa kule hunyamaza. Akainua kichwa, miwani imemfanya macho makubwa, akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Shanzu.

"Pono ana midomo ya buluu!"

"Ndiyo," babangu akasema.

"Ya buluu, Bwana! Nimemparua magamba miaka ishirini! Jikoni kwangu huja amepauka kama kitambaa cha kupangusia!" Akarudi chini kabla hajajibiwa.

Tangu hapo hakushikika. Kila akiinua kichwa ana habari mpya. Changu wanakwenda kundi zima wala hawagongani. Kitatange mmoja ana makao yake kwenye tumbawe, anafukuza kila apitaye, mkorofi, kama jirani yetu fulani na ua wake. Wote aliwajua. Aliwajua miiba yao, aliwajua nani anataka tui zito na nani anataka ndimu tu, lakini hai hakuwahi kumwona hata mmoja wao. Alikuwa kama mtu aliyewasoma watu kwenye barua miaka mingi halafu ghafula wote wakamjia mlangoni. Mamangu, mtu wa kukunja uso tangu alfajiri, alikuwa anacheka hovyo ndani ya maji ya chumvi na leso yake inaelea peke yake kule.

Babangu naye alikuwa na miwani yake, lakini aliiweka juu ya kipaji cha uso. Hakutazama chini hata mara moja. Alimshika mamangu mkono, akawa anamtazama yeye: kisogo chake, nywele zilizofumuka, miguu inayopiga maji bila mpango. Nilimwona vizuri kutoka juu ya boti. Nikaona haya, nikaenda kupanga chakula.

Mimi nilishuka baadaye, nikayaona matumbawe na vilivyomo, na ni vizuri, sitasema uongo. Lakini nikiikumbuka siku ile siwakumbuki samaki.

Tulikula juu ya mkeka. Mamangu ana alama ya miwani kuuzunguka uso mzima, vidole vimekunjamana. Alimchukua tasi aliyemkaanga mwenyewe, akamgeuza huku na huku. "Masikini, nimekuonea," akamwambia, kisha akamla, na wa pili akamla. Alipomaliza akanawa mikono, akajifuta, akamgeukia babangu.

"Bwana. Nenda."

Safari hii alimtazama usoni.

"Nilidhani umenichoka," akasema. "Au unamfuata Mzungu kwa mshahara. Sikujua mimi. Kitu kama hiki nikikuzuilia nitakuwa nakudhulumu. Nenda, radhi yangu unayo, na moyo wangu mweupe, Mungu shahidi. Urudi tu."

Babangu alimshukuru. Alipokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwake, akakishika, akakishika, mpaka chai ikapoa. Mimi nilidhani ni furaha imemzidi.

Tukirudi nikafanya kosa, kosa kubwa, nikaachia kamba siyo, tanga likapigapiga juu ya vichwa vyetu. Nikajikunyata nikingoja kelele. "Si kitu, mwanangu," babangu akasema, akalishika mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mzungu alitungoja palepale, seredani miguuni. "Mama nasema nini?" akauliza kwa Kiswahili chake kile.

"Mke wangu amenipa radhi," babangu akasema. "Amekubali kwa moyo wake wote."

Mzungu akanyoosha mkono, uso unang'aa. Babangu akaupokea mkono ule, akaushika kwa mikono yake miwili kwa heshima.

"Kwa hivyo siendi," akasema.

Mzungu akanitazama mimi, nimfafanulie. Nimfafanulie nini, na mimi mwenyewe nimeduwaa?

Lo, mamangu alikasirika! Njia nzima ya kurudi nyumbani, nywele zinamchuruzika maji chini ya buibui, alikuwa anamrukia. Radhi yake ni maganda ya ndizi, ya kutupwa njiani? Mtu anapewa na mkono wa kulia, anakataa mbele ya watu? Siku nzima amechapwa na chumvi ili iweje? Babangu alikuwa anatembea nyuma yake, amebeba seredani. Karibu na kwetu akasimama, na mamangu naye akasimama.

"Miaka minane nilikuwa nakwenda kule," babangu akasema. "Nikijiona niko sawa tu. Sikujua kuwa niko peke yangu. Leo nimejua. Sasa nitakwendaje Shelisheli, na mimi nimeshajua?"

Mamangu akamgeukia. "Mjinga we," akasema, kwa sauti ndogo. Akaichukua seredani kutoka mikononi mwake, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, wala hakuzungumza na paka.

Sitasema babangu hakuumia. Boti iliondoka na nahodha mwingine, na siku ile babangu alilala ameelekea ukutani, mamangu amekaa mlangoni anawarudisha wageni: hajisikii vizuri, njooni kesho. Baada ya miezi akapata kazi kivukoni, kufunga na kufungua kamba. Ng'ambo na kurudi, ng'ambo na kurudi, mtu aliyekuwa nahodha. Hakuilalamikia kazi ile mbele yangu.

Mamangu alikuwa na safari zake za mjini kupeleka nazi, na mimi nikimsaidia. Akifika kivukoni haulizi chombo kipi kinaondoka. Huuliza babangu yuko kipi. Viwili vitampita, hata vitatu, jua la saa sita, kikapu cha nazi kichwani, naye amesimama palepale.

"Mama, tunachelewa," nilimwambia.

"Tangulia wewe," alinijibu.