Gauni la Mwanamke Anayekimbia

Dada yangu ni fundi cherehani. Tangu aone sinema ambayo mwanamke anaikimbilia treni inayomwacha, hakutulia. Alichukua ubao kutengeneza picha ya tukio hilo, akapaka anga kwa rangi, akabandika kokoto za reli, na gauni akalishona kwa kitambaa halisi cha njano. Jioni mwenye ukumbi wa sinema angekuja kuitazama picha, aitundike ukumbini au aikatae.

Lakini mwanamke wa pichani hakukimbia. Dada aliketi, akainuka, akaongeza vumbi miguuni, akalifuta. Wateja aliwarudisha na vitambaa vyao.

“Huyo anakimbia au anangoja kupigwa pasi?” shemeji, mumewe, akauliza.

“Baba watoto, niache.”

Hata hivyo Dada alipitisha kidole kwenye pindo la gauni. Alikuwa amelikunja na kulishona sawasawa kama la mteja, maana mkono wake haujui kuacha kitambaa wazi. Akachukua wembe, akalifumua lote, akachomoa nyuzi na kuzibandika kwa gundi zikiwa zimetawanyika nyuma.

Mwenye ukumbi alipoingia na kuiona picha, alisogea kando kidogo, kana kwamba anampisha mtu. Kisha akauliza kama gundi imekauka, aichukue.