Nauli Tuliyolipa Wakati wa Kurudi

Juzi nilikuwa Dar es Salaam, mpwa wangu akanipa kadi ya kupandia mabasi ya mwendokasi. Alinielekeza namna ya kuigusisha kwenye mashine. Ikalia, geti likafunguka, nikapita. Nakuambia ukweli, ni kitu safi. Hakuna kubishania chenji wala kuvutwa mkono. Lakini nilipokaa kitini nikagundua kwamba tangu niingie kituoni sijasalimiana na mtu hata mmoja, na mawazo yakanirudisha Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwenye basi la utoto wangu.

Basi lile lilikuwa la jirani yetu. Siku ya soko honi yake ilisikika kuanzia kona ya kanisani, na kufikia hapo bibi yangu, aliyenilea, alikuwa ameshakata majani ya ng'ombe, ameshaninywesha mtori wa ndizi, ameshaufunga mkungu wake wa ndizi kwa magome makavu ya mgomba. Ndani kulinukia ndizi mbivu, maziwa, na moshi wa kuni uliokaa kwenye khanga za kina mama. Sasa sikiliza utaratibu wetu. Wakati wa kushuka mjini, hakuna mama aliyelipa. Angelipa nini, na fedha yenyewe bado ni ndizi? Kondakta alipakia mizigo, akauliza hali za wagonjwa, akamtania bibi kwamba ndizi zake zimekonda kama mwalimu wetu. Nauli ya kwenda na kurudi ililipwa jioni, wakati wa kupanda mlima, ukishauza. Ukikosa mnunuzi, kondakta alichukua chane moja na maneno yakaishia hapo.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Jirani alizeeka, basi likachoka, na mfanyabiashara mmoja wa mjini akaleta jipya lenye vioo vizima na redio. Tulilishangilia, nisikudanganye, watoto tulikimbia nyuma yake hadi vumbi likatujaa midomoni. Lilikuja na mambo ya kisasa: kwanza ununue tiketi dukani karibu na kanisa, ndipo upande. Kondakta wetu alibaki, ila sasa alivaa sare ya kaki na kushika kidude cha kutobolea tiketi. Kando ya dereva aliketi mkaguzi, mtu wa tajiri, asiyemjua yeyote kati yetu.

Asubuhi moja kijana alifika kutoka Kahe. Mdogo wake bibi, aliyeolewa huko chini tambarare, alikuwa hoi kitandani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: dada aje upesi, nina neno la kumwambia yeye peke yake. Ndani hatukuwa na senti; malipo ya kahawa yalikuwa bado. Bibi akaingia migombani, akakata mkungu, nami nikamfuata nikiwa nimebeba kikapu chake. Hakuwa na wasiwasi wa nauli. Bibi alimjua kondakta tangu huyo kondakta anabatizwa.

Basi likasimama. Kondakta akashuka, akaamkia, akautazama mkungu, kisha akamtazama mkaguzi.

"Mama, tiketi?"

"Tiketi ya nini, mwanangu? Nitakulipa jioni kama siku zote. Mdogo wangu ananiita Kahe, hali yake ni mbaya."

"Siku hizi haiwezekani, mama. Nitafukuzwa kazi."

"Basi chukua ndizi zote."

Mkaguzi akagonga bodi ya basi kwa kiganja. Kondakta akapanda mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, na basi likaondoka. Bibi alibaki amesimama, mkono bado ameunyoosha kuelekea mkungu. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiaibishwa, na iliniuma hadi nikalia.

Tulishuka Moshi kwa miguu. Tulipofika sokoni jua lilikuwa kali na wanunuzi wameshajaza vikapu vyao, kwa hiyo bibi aliuza kwa bei ya kutupa ili tu apate nauli ya gari la Kahe. Tuliteremka huko alasiri. Kutoka barabarani tuliwasikia wanawake wakilia, na bibi akaketi pale pale chini, kando ya mfereji wa maji.

Baada ya mazishi kondakta alikuja nyumbani. Alikuja na mzee wa ukoo wake, ameshika mkononi jani la isale, lile jani refu tulilopanda mipakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi, humkatalii, hata kama moyo unawaka. Bibi alimwacha asimame uani muda mrefu. Mvua ilianza kunyesha, sare ikamlowa. Mwishowe bibi akanyoosha mkono, akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Si wewe uliyefunga mlango."

Kisha akamkaribisha ndani, akamtilia mbege, pombe yetu ya ndizi. Wakanywa, kila mmoja akitazama kibuyu chake.

Tajiri hakuja, wala mkaguzi. Sidhani walijua kwamba kuna jambo la kuombea radhi. Nami simlaumu mtu kwa kuleta tiketi. Nauli lazima ikusanywe, na magari hayatembei kwa huruma. Ninachokililia ni ule mlango wa basi uliokuwa na mtu wa kusikiliza, na aibu iliyomtuma mtu apande mlima na jani mkononi. Vyote viwili vimekwenda, na wadogo zangu hata hawavijui.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mgeni wa kutoka Kahe, bibi alimuuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini, kabla hata ya kumpa maji: je, marehemu alimwachia mtu yeyote lile neno?